Mchunga: Mboga Chungu na Mipaka ya Tiba Yake

Mvua zinapoanza kunyesha katika mashamba ya Handeni na Korogwe, huota mmea mdogo uitwao mchunga. Wataalamu wa mimea huuita Launaea cornuta, nao ni wa jamii moja na alizeti. Ukikatwa hutoa utomvu mweupe. Wapishi huyachanganya majani yake na mboga nyingine, au huyaunga kwa tui la nazi, ili kupunguza uchungu.

Mchunga hutumiwa pia kama dawa. Watu hunywa maji ya majani au mizizi iliyochemshwa ili kutibu homa na maumivu ya tumbo. Hoja itolewayo ni kwamba mmea huu ni mchungu kama kwinini. Je, hoja hiyo ni sahihi?

Tulinganishe mimea mitatu. Wa kwanza ni mti wa kwinini, uliopandwa na Wajerumani huko Amani, Usambara Mashariki, mwanzoni mwa karne ya 20. Gome lake lina kwinini, ambayo Pelletier na Caventou waliitenga mwaka 1820, nayo huua vimelea vya malaria. Wa pili ni muhogo mchungu. Ukipondwa, kemikali yake iitwayo linamarini hutoa sianidi, ambayo ni sumu kali. Wa tatu ni mchunga wenyewe, uliwao kama mboga. Ulimi huonja uchungu katika yote mitatu, lakini mwili hupokea vitu tofauti kabisa. Basi uchungu si kipimo cha dawa.

Jambo la pili ni kiasi. Hata kwinini ikizidi hudhuru masikio na macho. Nguvu ya maji ya mchunga nayo hubadilika kwa kadiri ya wingi wa majani na muda wa kuchemsha, wala mnywaji hajui amekunywa kiasi gani.

Hatari kubwa zaidi ni kuchelewa. Malaria iletwayo na Plasmodium falciparum yaweza kuwa kali ndani ya saa 24. Kwa hiyo mtoto mwenye homa apelekwe zahanati mara moja, apimwe damu, na akionekana na vimelea apewe dawa mseto. Mchunga ubaki mezani kama mboga, ukichumwa mahali pasiponyunyiziwa dawa za wadudu na kuoshwa vizuri.

Zoezi: Bila kuonja, orodhesha mimea mitano michungu ya kijijini kwenu. Eleza matumizi ya kila mmoja, kisha utenganishe yaliyothibitishwa kwa vipimo na yale yanayosimuliwa tu.