Dondoo muhimu: Vifaa vya kusafisha filamu ya rangi nyumbani

Tangi la kusafishia nunua hata la mtumba, mradi kifuniko chake hakipitishi mwanga. Beseni na chupa za kahawia hazisumbui kupatikana. Usibanie pesa kwenye kipimajoto: dawa ya kwanza ya C-41 (utaratibu wa kusafisha filamu ya rangi) hutaka nyuzi 38 za Selsiasi, kwa dakika 3 na sekunde 15, na ikipoa kidogo tu rangi huharibika.

Dawa yenyewe agiza ya unga. Ya maji ni nzito na huvuja njiani. Pakiti ya lita 1 husafisha filamu 8 hivi. Ya kuchanganyia? Maji ya betri ya kituo cha mafuta yanafaa, ila soma kibandiko usije ukabeba asidi!

Vyombo vilivyogusa dawa visirudi jikoni tena.