Maji yanayochuruzika kitaluni, niyatumie tena?

*Nina kitalu cha miche ya nyanya, hoho na parachichi hapa Arusha. Maji ni ghali, hivyo nimechimba mfereji unaorudisha yanayochuruzika hadi kwenye simtanki. Sasa miche michanga inaanguka, shina limenyong'onyea usawa wa udongo. Niache? – Mama Miche*

Usiache, mama. Kosa si kuokoa maji, ni kuyarudisha bila kuyasafisha. Dalili hizo ni za kinyausi, na mara nyingi chanzo ni Pythium, vimelea ambavyo mbegu zake huogelea majini. Kiriba kimoja kikiugua, mfereji husambaza ugonjwa kitalu kizima.

Kuanzia leo, trei za mbegu zipate maji safi tu. Parachichi pia: mizizi yake huozeshwa na Phytophthora, ndugu wa Pythium, tena haivumilii chumvi. Maji yaliyorudi ipe miche ya miti ya mbao iliyokwishashika, kama unayo.

Kisha jenga chujio la mchanga safi, kina kama mita 1, maji yapite polepole sana. Utando unaoota juu ya mchanga ndio unaokula vimelea, kwa hiyo usiukwangue ila maji yakikwama. Ukiongeza klorini, iwe baada ya kuchuja, kwani matope huimaliza nguvu. Pima inapotokea bombani, ifike miligramu 2 kwa lita.

Ncha za majani zikiungua, chumvi ya mbolea imezidi: changanya maji yaliyorudi na ya mvua.

Miche ikiendelea kufa, ipeleke na mizizi na udongo wake kwa afisa ugani, au TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, ambao wako hapohapo Arusha.