Maumivu Yasiyoisha: Kijitabu cha Nyumbani kwa Anayeishi na VVU

Kwanza

Usimeze diklofenaki kila siku. Ukiishia hapa, angalau hilo umelipata.

Kwa nini tunaipigia kelele

Wengi wanaochukua dawa CTC (kliniki ya tiba na matunzo) wanatumia TLD, kidonge kimoja cha ARV kwa siku. Mna tenofoviri ndani yake, dawa nzuri, ila figo za anayeitumia zinatakiwa kuchunguzwa. Diklofenaki nayo hubana figo. Zikikutana mwilini siku nenda siku rudi, figo zinaweza kufa, na mwanzoni haziumi. Mtu anatufikia uso umevimba, mkojo haba, na mfukoni ana karatasi ya diklofenaki. Tumechoka kuliona jambo hili, maana linazuilika.

Sindano yake ni ileile. Brufeni na indosidi ni ndugu zake. Vile vidonge vya rangi rangi unavyofungiwa dukani bila jina, usivipokee: huenda diklofenaki imo, na huenda imo deksa (deksamethasoni), inayoshusha kinga.

Tena diklofenaki huchoma tumbo. Ukitafuna magnesiamu kutuliza kiungulia, nayo huzuia TLD isiingie mwilini vizuri. Anayelazimika kutumia magnesiamu, ameze TLD kwanza na akae muda wa saa 2. Akianza na magnesiamu, asubiri saa 6.

Dukani

Si lazima utaje VVU. Sema: "Kuna dawa natumia kila siku, nimeambiwa nilinde figo. Nipe parasetamo."

Parasetamo

Mtu mzima: vidonge 2 vya miligramu 500, kisha pumzika saa 6. Visizidi 8 kwa siku, usiku na mchana. Mwenye ugonjwa wa ini, mnywaji wa pombe na aliyekonda sana waulize kliniki kwanza. Soma pakiti ya dawa ya mafua, nyingi zina parasetamo.

Miguu kuwaka moto na ganzi

Hapa parasetamo haifui dafu, na diklofenaki ndiyo kabisa. Mweleze mhudumu, kuna dawa nyingine ya kuandikiwa. Kama unameza isoniazidi ya kukinga kifua kikuu, uliza kuhusu vitamini B6. Pombe huzidisha ganzi. Vaa viatu vipana, kagua nyayo kila jioni. Maji ya kukandia miguu ayapime mtu mwingine, kwani mwenye ganzi huungua asijue.

Mgongo na viungo

Kanda kwa kitambaa cha uvuguvugu. Tembea kila siku, hata kama ni hadi kisimani. Kushinda kitandani hukaza mwili.

Kuchanja chale ili maumivu yaishe

Hapana.

Kuacha ARV ili maumivu yaishe

Hapana. Ukihisi dawa ndiyo inayokuumiza, njoo ubadilishiwe.

Usingoje siku ya kliniki

Kichwa kinauma vibaya, shingo imekakamaa, una homa au unatapika: leo hii. Mgongo unauma huku unatoka jasho usiku na kukonda: njoo upimwe kifua kikuu. Miguu imelegea ghafla au mkojo hauzuiliki: leo hii. Mkanda wa jeshi ukitoka, njoo kabla siku 3 hazijapita. Ukiwa karibu na jicho, usilale nao. Mkojo umepungua na ulikuwa unameza diklofenaki: iache, njoo leo.

Ukija

Beba dawa zote, za dukani na za mitishamba. Hatutakufokea. Diklofenaki ikiwemo, iweke juu tuione.