Swali la Kijana Juu ya Ngoma za Klabu

Katika darasa letu la baada ya Isha, kijana mmoja aliuliza swali ambalo wazee walitaka kumkemea kwalo badala ya kumjibu. Alisema: "Masheikh zangu, nyimbo za klabu zilizovuma Marekani na Ulaya miaka ya 2008 na 2009 mwaziita za kikafiri. Mbona mmoja wa mafundi wake wakubwa ni mtoto wa Kiislamu?" Mzee mmoja akamwambia anyamaze. Lakini kijana alisema kweli, na tukimnyamazisha hapa atakwenda kuuliza kwengine.

Khabari yenyewe ni hii. Nadir Khayat, ajulikanaye kwa jina la RedOne, alizaliwa Tetouan, Morocco, mwaka 1972, akahamia Sweden angali kijana, kisha akenda Marekani. Yeye ndiye aliyemtengenezea Lady Gaga wimbo wa Just Dance, uliotoka mwaka 2008 ukashika nafasi ya kwanza Marekani Januari 2009. Maneno yake ni ya mwanamke aliyelewa klabuni, asijue funguo zake zi wapi wala simu yake, na dawa aipatayo ni kuzidi kucheza.

Sasa tazama upande wa pili. Maher Zain, mzaliwa wa Tripoli ya Lebanon aliyekulia Sweden, alianza kufanya kazi na huyo huyo RedOne mwaka 2005, akamfuata mpaka New York. Kisha akarejea Sweden, akashikamana na msikiti, akaiacha kazi ile. Mwaka 2009 akatoa Thank You Allah, nyimbo za kumshukuru Mola na kumswalia Mtume (s.a.w.). Basi wawili hawa walikuwa katika karakana moja. Ni kipi kilichowatenga?

Imam Ghazali, katika Ihyaa, hakuikataa sauti nzuri kwa kuwa ni nzuri. Alitaja mambo yaharamishayo kusikiliza: aimbaye akiwa ni wa kuleta fitna, ala ikiwa ni alama ya walevi, na humo akatia zumari na vyombo vya nyuzi, lakini tari akaliruhusu, maneno yakiwa machafu, msikilizaji akiwa ametawaliwa na matamanio, na mtu wa kawaida kuufanya mchezo kuwa ndiyo ada yake. Ibn Hazm alilegeza zaidi. Jamhuri ya maulamaa wa madhehebu manne, pamoja na Shafii yetu, wamekaza katika ala. Na kwa khitilafu hiyo nyimbo za Maher Zain zilitolewa pia kwa sauti na ngoma tupu.

Kijana akasema: "Mimi maneno siyaelewi, napenda mdundo tu." Hujja hii yamtoa katika sharti la maneno, lakini haimtoi katika mengine. Mdundo ule ulipangwa kwa ajili ya ukumbi wa ulevi, na hali ya moyo wake ausikiapo aijua yeye na Mola wake, hatuijui sisi.

Nasi wazee tusijitakase. Akodiye vipaza sauti vya harusi, vikanguruma mpaka karibu na alfajiri, ni baba; kijana hana fedha hizo.

Kisha akauliza juu ya mdundo wa mashine usio na maneno kabisa, usikilizwao nyumbani. Hapo darasa likagawanyika, na saa zilikuwa zimekwenda. Tumeliweka swali hilo kwa Alkhamisi ijayo. Kijana na aje, na yule mzee aje pia.