Miche Bora ya Nyanya Nyumbani: Maji kwa Kiasi, Mwanga wa Kutosha

Mavuno ya nyanya huamuliwa kitaluni. Mche uliodumaa, au uliorefuka na kulegea kwa kukosa mwanga, hausimami vizuri bustanini hata ukipewa mbolea gani. Kwa familia inayotaka miche ishirini au thelathini ya kupanda nyuma ya nyumba, kazi yenyewe ni nyepesi: makopo machache, udongo mzuri na uangalizi wa wiki nne hadi tano. Miche mingi ya nyumbani huuawa na maji kupita kiasi, si kiu. Lishike hilo tangu mwanzo.

Chagua mbegu

Kwa bustani ya nyumbani, Tengeru 97, Cal J na Rio Grande zinafaa, na mbegu zake unaweza kuzikamua kutoka kwenye nyanya zako na kuzisia msimu ujao. Chotara, zile zilizoandikwa F1, huzaa sana, lakini mbegu utakazokamua humo hazitatoa mimea inayofanana na mama yake. Soma tarehe ya mwisho ya matumizi kwenye pakiti. Mbegu zilizotiwa rangi zimepakwa dawa, kwa hiyo nawa mikono baada ya kuzishika na uziweke mbali na watoto.

Wakaao Pwani wasie mwezi Mei, masika yakielekea kwisha, ili mimea itoe maua wakati wa kipupwe. Joto kali la usiku hupukutisha maua.

Andaa udongo na vyombo

Changanya sehemu tatu za udongo wa juu wenye rutuba, sehemu mbili za samadi iliyooza kabisa na sehemu moja ya mchanga. Usichote udongo mahali palipopandwa nyanya, bilinganya, pilipili, viazi mviringo au mnavu. Mimea hiyo ni ya ukoo mmoja, na udongo wake unaweza kuwa umebeba mnyauko bakteria au minyoo fundo. Umwagie mchanganyiko wako maji yanayochemka, kisha uache upoe kabisa kabla ya kusia.

Glasi za plastiki, makopo ya maziwa au trei za miche, vyote vinafaa, mradi vitobolewe chini. Chombo kisichotoa maji huozesha mizizi.

Sia

Weka mbegu mbili katika kila glasi, kina cha sentimita 1, kisha fukia kwa udongo laini. Tandaza nyasi kavu juu na unyunyizie maji taratibu yasije yakafukua mbegu. Katika joto la nyuzi 20 hadi 30, mbegu huota kati ya siku 5 na 10. Nyanda za juu wakati wa baridi huchelewa zaidi.

Kagua kila siku. Mara tu miche inapochomoza, ondoa nyasi. Ukichelewa, itarefuka ikitafuta mwanga, na shina likishakuwa jembamba halirudi kuwa nene.

Maji na mwanga

Mwagilia asubuhi. Kabla ya kumwagilia, ingiza kidole kwenye udongo. Ukisikia unyevu, subiri. Kitalu kinacholala kimelowa hukaribisha kinyausi, ugonjwa wa ukungu unaoozesha shina usawa wa udongo mpaka mche unaanguka. Mche ulioanguka hauponi. Uondoe pamoja na udongo wake, punguza maji na upishe hewa kati ya miche iliyobaki.

Ipe miche jua la asubuhi na kivuli chepesi wakati wa jua la utosi. Ikifikisha majani mawili halisi, yale yanayofuata baada ya majani mawili ya mwanzo, bakiza mche mmoja wenye nguvu katika kila glasi. Ule mwingine ukate kwa mkasi, maana kuung'oa huvuruga mizizi ya mwenzake.

Inzi weupe hueneza virusi vinavyokunja majani, na mche ulioambukizwa ukiwa mdogo hauzai cha maana. Funika kitalu kwa wavu wa matundu madogo sana. Chandarua cha kawaida hakitoshi, kwa kuwa inzi hao hupenya.

Komaza, kisha hamisha

Wiki moja kabla ya kuhamisha, punguza maji na uongeze muda wa jua kidogo kidogo, ili mche uzoee maisha ya nje. Mche ulio tayari una kimo cha sentimita 15 hivi, majani manne hadi sita na shina imara.

Hamisha jioni, baada ya kulowesha glasi ili mche utoke na udongo wake. Fukia shina mpaka karibu na majani ya chini, kwani shina la nyanya huotesha mizizi mipya linapofunikwa na udongo. Acha sentimita 50 kati ya mche na mche, na 60 kati ya mistari, kisha mwagilia.

Usisie pakiti nzima kwa siku moja. Anza na glasi kumi, na baada ya wiki tatu sia nyingine kumi, ili mavuno yafuatane badala ya kuiva yote pamoja. Miche michache iliyotunzwa vizuri itakupa nyanya nyingi kuliko kitalu kikubwa kisichokaguliwa.