Kikohozi Changu, Kifua cha Bibi

Kipupwe cha mwaka wangu wa pili katika kazi ya kuhudumia wagonjwa majumbani, niliamka na mafua na koo linawasha. Nikameza vidonge viwili, nikapanda daladala kwenda Temeke kumwogesha bibi mmoja aliyepooza upande wa kushoto. Siku ya tatu bibi akaanza kukohoa. Siku ya sita tulimkimbiza hospitali, akalazwa kwa kichomi. Alipona, lakini sijasahau kwamba nilijua naumwa kabla sijavaa viatu.

Kwa nini nilikwenda? Kwa sababu siku nisiyofika, silipwi. Mhudumu wa namna hiyo ataficha kikohozi chake, hata awe na moyo mwema kiasi gani. Ndiyo maana siku hizi, kabla ya kuanza kazi kwenye nyumba yoyote, naomba makubaliano mawili: siku chache za ugonjwa zilipwe, na awepo mwenzangu wa kunishikia zamu. Familia nyingi zikielezwa zinakubali, maana gharama za wodi wanazijua.

Kila asubuhi napiga simu kwanza. "Shikamoo mama, bibi kaamkaje? Kuna anayekohoa hapo nyumbani?" Nami naieleza hali yangu bila kuficha. Hata hivyo simu haitoshi: mwenye virusi vya mafua makali anaweza kuanza kuambukiza siku moja kabla hajajisikia vibaya. Kwa hiyo nikifika naanza na hewa.

Mara nyingi mgonjwa hulazwa chumba cha ndani kabisa, dirisha limefungwa na pazia zito limeshushwa, asipigwe na baridi. Ni upendo, siudharau. Nasema hivi: bibi tumfunike shuka na soksi, dirisha tulifungue. Mlango nao uwe wazi ili hewa ipite. Feni naisogeza dirishani, inatazama nje, itoe hewa ya chumbani badala ya kuivurumisha kutoka kwangu kwenda kwake. Jiko la mkaa linatoka koridoni.

Kisha kuna wageni. Kumjulia hali mgonjwa ni wajibu wetu, na siwezi kumwambia jirani arudi na mkungu wake wa ndizi. Lakini watu wanane kwenye chumba kimoja, mmoja wao anabanja, ni hatari. Nilichojifunza ni kumtoa bibi barazani. Jioni, jua likipoa, tunamkalisha kwenye kiti chenye mito, wageni wanakaa mkekani, hewa inapita yenyewe. Bibi mwenyewe hufurahi, anaona watu wa mtaa. Mwenye mafua anasalimia kutoka kwenye ngazi, wala hakuna aliyefukuzwa.

Barakoa sivai nikiwa njiani kuingia. Nasimama mlangoni uso wazi, naamkia, bibi ananitambua, kwa kuwa masikio yake ni mazito na husoma midomo. Ndipo navaa, nanawa mikono kwa sabuni, namkaribia. Barakoa ya hospitali hunitosha siku za kawaida. Ile ya N95, inayochuja angalau asilimia 95 ya chembe, naiweka kwa ajili ya nyumba yenye kifua kikuu, na lazima ibane uso pande zote; ikiacha upenyo shavuni, hewa itapita hapo.

Kuhusu kifua kikuu nina uchungu wangu. Nimeona kijana akitengewa kikombe na sahani huku akilala na wadogo zake chumba kisicho na dirisha. Vimelea vyake vinasafiri hewani, si kwenye sahani. Mpeni kikombe, fungueni nyumba. Anayekohoa wiki mbili au zaidi aende kupimwa. Kwenye vituo vya serikali dawa ni bure. Akigundulika, watoto wa chini ya miaka 5 waliomo ndani wapelekwe wakachunguzwe hata kama wazima.

Lakini si kila kichomi kinaletwa na mtu. Aliyepata kiharusi hupaliwa kwa urahisi, uji ukaingia njia ya hewa. Namlisha akiwa wima, kijiko kidogo kidogo, na simlazi mpaka ipite nusu saa. Kinywa nakisafisha asubuhi na jioni.

Na msisubiri homa. Mzee anaweza kuwa na kichomi mwili ukiwa wa kawaida. Utaona tu amekataa chakula, anasinzia mno, au anamwita mwanawe kwa jina la marehemu kakake. Hapo namwinua kifua, naangalia saa, nahesabu pumzi dakika nzima akiwa ametulia. Zikizidi 30, au akishindwa kumaliza sentensi kwa kuhema, naita bajaji huku mwenye nyumba akitafuta kadi ya hospitali.