Kusoma Mlima na Laga kwenye Ramani

Mfugaji wa Milima ya Ndoto, kaskazini mwa Kenya, hahitaji ramani ili auone mlima. Anauona kila asubuhi. Ramani humwonyesha kilicho nyuma yake: maji yanayoweza kuteremka usiku na kumkuta amelala kwenye mchanga mkavu.

Tandaza ramani ya topografia chini, ukae na mtoto anayesoma shule. Mistari ya kahawia huitwa kontua. Kila mstari hupita mahali penye kimo kimoja; ukiufuata hupandi wala hushuki. Tofauti ya kimo kati ya mstari na mstari imeandikwa pembeni. Mistari ikibanana, pana mteremko mkali au jabali. Ikiachana, ni tambarare, kama jangwa la Kaisut upande wa mashariki.

Sasa tafuta laga. Mistari ikivuka bonde hujikunja kama herufi V, na ncha yake huelekea juu, maji yanakotoka. Ncha ikielekea chini, huo ni mgongo wa mlima. Wengi hukosea hapa, basi soma kwanza tarakimu za kimo.

Weka kidole pale unapotaka kuhamia. Fuata laga kupanda mpaka mwanzo wake, ukihesabu vijito vinavyoingia. Vikiwa vingi, mvua ya mlimani yote itapita hapo kwako, hata kama huoni wingu. Milgis, kati ya Ndoto na Mathews, hukusanya maji namna hiyo. Kiangazi tunachimba visima katika mchanga wa laga, kwa hiyo kukaa karibu ni lazima. Lakini boma liwe juu ya ukingo, na wana-mbuzi wasilale mchangani hata usiku mmoja.

Kuhusu njia: kwenye ramani ya kipimio 1:100,000, sentimita 1 ni kilomita 1, bila kuhesabu kupanda na kushuka. Njia ya sentimita 3 ikipanda kontua 30 zilizoachana mita 20, ngamia wenye mizigo watapanda mita 600. Afadhali kuzunguka sentimita 7.

Ramani haijui kisima ni cha nani, wala kipi kimekauka mwaka huu. Mtoto asome, mzee ataje majina ya mahali. Wakitofautiana juu ya maji, tuma vijana wakaone kabla mifugo haijatoka.